Ziruhusiwe Tu, Wanasema

Kwa miaka kumi na tisa nililipwa kutazama wanawake wakikojoa. Nalisema mapema ili asiyeweza kuendelea aache hapa. Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, aliondoka duniani akiamini kuwa nilikuwa muuguzi wa kawaida huku Johannesburg. Sikuwahi kupata ujasiri wa kumweleza kwenye simu.

Mlioniomba niandike ni ninyi mliokuja hapa kwa mafunzo kutoka Arusha, Eldoret na Bujumbura, mkakaa nami wiki tatu, kisha mkarudi kwenu na mabegi ya vifaa. Mlisema niandike kwa Kiswahili. Nimeridhika nalo, maana wanangu wawili waliozaliwa hapa wanakisikia lakini hawakisomi, kwa hiyo naweza kusema ukweli bila kuhojiwa wakati wa chakula.

Nilitoka Morogoro nikiwa tayari muuguzi, na miaka yangu ya kwanza hapa niliitumia kwenye wodi ya figo katika hospitali moja ya jiji. Wagonjwa wa figo hupungukiwa damu, na kuna homoni wanayochomwa sindano ili mwili utengeneze damu nyingine. Nimewachoma watu wengi dawa hiyo. Nakumbuka mzee mmoja aliyekuwa akipumzika mara mbili kati ya kitanda na choo. Baada ya miezi michache alinisimamisha kwenye korido akaniambia ametembea peke yake mpaka getini kununua gazeti, na gazeti lenyewe alikuwa amelishika kichwa chini. Kwa hiyo msinihesabu miongoni mwa watu wanaodhani kuna dawa za shetani. Dawa ni dawa. Inategemea inaingia kwa nani, na aliyeshika sindano anataka nini.

Mgongo wangu ulipochoka kunyanyua wagonjwa, nikaona tangazo ubaoni: wanatafutwa wauguzi wanawake wa kuchukua sampuli kwa wanamichezo. Nilidhani ni damu. Siku ya kwanza nikaambiwa ni mkojo, wa kupimwa dawa za kuongeza nguvu.

Aliyenipokea alikuwa Ma Thandeka, aliyewahi kuwa mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana Soweto. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alivaa viatu vya raba hata kanisani. Aliweka begi mezani akatoa vitu kimoja kimoja: vikombe vilivyofungwa kwenye nailoni, chupa za vioo zenye herufi A na B, fomu zenye nakala, na kifaa kidogo kama darubini ya mtoto ambacho hupima kama mkojo una uzito wa kutosha au ni maji matupu. Kifuniko cha chupa hutoa mlio wa meno kikizungushwa, na kikishafungwa hakifunguki bila kuvunjwa.

“Vyote hivi anachagua yeye,” aliniambia. “Kikombe anachagua yeye, chupa anachagua yeye, anamimina yeye, anafunga yeye. Wewe huna mikono. Una macho.”

Niliuliza macho yatazame wapi.

“Usitazame uso wake, utamwonea huruma. Tazama mkojo unatoka wapi.”

Mtu wangu wa kwanza alikuwa mshindi wa marathoni, mwembamba kama mpini wa ufagio, na hakuwa na hata tone. Tulikaa chini ya jukwaa la uwanja zaidi ya saa tatu, yeye akinywa maji, mimi nikimtazama akinywa maji. Alipofanikiwa hatimaye, kifaa kilisema mkojo ni mwepesi mno, turudie. Akaanza kulia. Nilimwomba radhi mara tatu. Tulipotoka, Ma Thandeka akaniambia kwa sauti ya chini, “Usiwaombe radhi, sisi,” yaani dada kwa lugha yao. “ Waheshimu. Ni vitu viwili tofauti.” Ilinichukua miaka kuelewa, na bado kuna siku nilichanganya.

Mwaka wa pili nilimpata mrusha tufe mmoja, mama wa makamo mcheshi sana, aliyenisimulia habari za mbwa wake njia nzima kutoka uwanjani hadi chooni. Alijaza kikombe haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alipokiweka mezani nikakigusa kwa nje. Kilikuwa baridi. Mkojo wa binadamu aliye hai una joto. Nikamwomba anyanyue fulana mpaka kifuani kama kanuni inavyotaka, maana nilikuwa nimeona aibu kumwambia mwanzoni, na ukaonekana mpira mwembamba wa kupitisha mkojo wa mtu mwingine, uliopita ubavuni ukiteremka kwenye nguo ya ndani. Tukatazamana. Akasema, “Niliusahau kwenye gari usiku kucha, ndiyo maana.” Yaani kilichomkera ni kwamba hakuupasha moto. Jifunzeni hapo: fulana ipande juu kabla ya chochote, na aibu yenu iacheni nyumbani.

Sasa niseme kuhusu lile swali, kwa sababu mtaulizwa mpaka mchoke. “Kwa nini msiziruhusu tu hizo dawa?” Nimeulizwa na dereva wa teksi tukisubiri robot, kama wanavyoziita taa za barabarani huku, igeuke kijani, akiwa amegeuza kichwa nyuma nami namwomba atazame barabara. Nimeulizwa na baba wa kijana mcheza raga, ambaye shingo ya mwanawe ilikuwa imejaa chunusi na unene wa ghafla, akiniambia kuwa shule nzima wanatumia, kwa hiyo mimi nataka nini hasa. Nimeulizwa na daktari wa meno huku mkono wake ukiwa mdomoni mwangu. Lakini aliyenichosha kuliko wote ni Bwana Mutiso.

Bwana Mutiso ni Mkenya, mtu wa benki, tunasali pamoja. Kanisa letu liko ghorofa ya pili ya jengo la zamani katikati ya jiji, chini kuna maduka ya jumla ya mablanketi, na baada ya ibada tunakunywa chai tumesimama. Kila Jumapili, kikombe mkononi, Bwana Mutiso ananitafuta.

“Mama Neema, fikiria kwa utulivu. Mtu mzima ana haki na mwili wake. Anakunywa pombe, anavuta sigara, anapanda milima akaanguka. Kwa nini asichome sindano?”

Au Jumapili nyingine: “Viatu vyenyewe siku hizi ni teknolojia. Matajiri wanalala kwenye vyumba vyenye hewa ya mlimani. Mbona hamwakamati? Ruhusuni, wekeni madaktari wasimamie, kila mtu awe sawa.”

Ni mtu mwerevu, na baadhi ya aliyosema ni kweli, jambo lililozidi kuniudhi. Ni kweli mstari umechorwa mahali ambapo wengine wangeuchora pengine. Ni kweli wenye mawakili hukuta kosa dogo kwenye fomu wakaponyoka, na asiye na wakili hufungiwa. Ni kweli pia kwamba kumwamsha mwanamke alfajiri, ukasimama mlangoni na kikombe huku watoto wake wakikutazama, si jambo la heshima. Niliyafanya hayo yote kwa mikono yangu, sihitaji kuelezwa na mtu wa benki. Wanaotaka ziruhusiwe walinichosha. Na wakubwa wangu waliotoa hotuba za usafi wa michezo kisha wakatunyima hata chumba chenye mlango unaofungika, nao walinichosha. Nilikuwa katikati, na begi.

Kisha akaja Furaha.

Ilikuwa mbio za kilomita kumi hapa jijini, asubuhi ya baridi, na aliyeshinda upande wa wanawake hakujulikana na mtu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, amevaa soksi mbili zisizofanana. Msindikizaji wetu alimleta akitetemeka. Aliongea Kiingereza kidogo, akaitikia kila kitu kwa “yes”. Tukaingia chooni, akashusha nguo, nami nikasimama mbele yake kama kawaida. Akafumba macho akanong’ona kwa Kiswahili, “Mungu wangu, huyu mama iko anaangalia nini huku?”

“Naangalia kazi yangu,” nikamjibu kwa Kiswahili. “Kojoa tu, mwanangu.”

Alifungua macho akacheka mpaka akashindwa kukojoa. Mimi pia nilicheka. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kucheka ndani ya choo cha kazini.

Tulipokaa mezani alikuwa mtu mwingine. Akaniambia kwao ni Bukavu, anasuka nywele Joubert Park, anakimbia asubuhi kabla saluni haijafunguliwa. Tukafika kwenye sehemu ya fomu inayouliza dawa ulizotumia siku za karibuni. Wengi hapo husema hawajatumia kitu. Nikamtafsiria swali kama lilivyo.

“Dawa hapana,” akasema. “Ni vitamine tu ya kocha.”

“Ya kumeza?”

“Ya sindano. Anasema iko ya kuongeza damu, juu ya mwanamke anapoteza damu kila mwezi.”

Kalamu yangu ilisimama. Nilijua. Mtu aliyefanya kazi wodi ya figo hawezi kusikia maneno hayo asijue. Lakini afisa wa sampuli haruhusiwi kushauri, wala kuonya, wala kukunja uso. Anaandika kilichosemwa. Nikaandika: sindano ya vitamini kutoka kwa kocha, ya kuongeza damu. Akatia sahihi, akanishukuru kwa kuongea naye vizuri, akaondoka na nakala yake akiwa ameikunja ndani ya soksi.

Nilirudi nyumbani Berea nikiwa na hasira na mtu nisiyemjua, yule kocha. Baadaye hasira ikahamia kwangu. Kama ningeongea naye Kiingereza, angesema “yes” na “no”, na neno sindano lisingeandikwa. Alinipa kwa sababu nilikuwa mtu wa lugha yake.

Miezi miwili ikapita. Jumamosi moja mchana mlango wangu ukagongwa. Alikuwa Furaha, na barua mkononi. Kunipata haikuwa kazi. Kwa Waswahili wa mitaa yetu kila mtu anamjua yule mama Mtanzania anayekamata wakimbiaji. Kanuni iko wazi: afisa hazungumzi na mwanamichezo kuhusu kesi yake, na hamwingizi nyumbani kwake. Nilishika mlango nusu.

“Mama, mi sijue banaandika nini hapa,” akasema. “Kocha hashike simu. Nisomee tu, nitaenda.”

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia haiwezekani. Ndipo nikaona jinsi alivyosimama. Uzito wote alikuwa ameutupa mguu wa kulia. Nikatazama wa kushoto. Chini ya suruali yake ya mazoezi kigimbi kilikuwa kimetuna, kitambaa kimekazana.

“Mguu una nini?”

“Ni misuli. Kocha alisemaga nifanye masaji na maji moto.”

“Lini?”

“Kuna siku sita.”

Nikamvuta ndani, nikamketisha, nikapandisha suruali. Ngozi ilikuwa ya moto, inang’aa, na nilipobonyeza kidogo alishika mkono wangu kwa nguvu. Mguu wa pili ulikuwa wa kawaida kabisa. Damu iliyojazwa mno huwa nzito, na damu nzito huganda. Kipande kikikatika kwenye mguu hupanda kwenye mapafu, na hapo hakuna tena cha kumweleza mtu. Nilimwambia asitembee hatua hata moja. Nikapiga simu kwa jirani yangu mwenye gari, tukambeba kwenye kiti cha plastiki ngazi za ghorofa tatu, kwa sababu lifti ya jengo letu ilikufa zamani na hakuna aliyeizika.

Hospitalini nilikutana na daktari kijana aliyetaka kumpa dawa ya maumivu amrudishe. Nikamwambia, taratibu, kwamba nimefanya wodi ya figo, kwamba binti huyu amechomwa homoni ya kuongeza damu bila kupimwa, na kwamba asipomfanyia kipimo cha mshipa leo nitakaa pale pale mpaka atakapofanya. Akafanya. Damu ilikuwa imeganda kutoka nyuma ya goti kuja juu. Wakamlaza.

Kitandani ndipo nilipomsomea barua, yenye majibu ya sampuli yake. Nilimsomea neno kwa neno kwa Kiswahili, nikiwa nimesimama, kama vile kusimama kungepunguza kosa langu. Aliposikia jina la dawa akauliza ni nini. Nikamweleza.

“Kwa hiyo ile haikukuwa vitamine.”

“Haikuwa.”

“Na wewe ulijua siku ile.”

Nilimwambia nilihisi.

“Ukaandika tu.”

“Nikaandika tu.”

Akageuza uso upande wa dirisha. Nikavuta kiti, nikakaa.

Jumatatu nilikwenda kwa Ma Thandeka nikajishtaki mwenyewe. Alinisikiliza huku akifuta miwani, kisha akaniambia niandike ripoti: nimefungua mlango, nimemhudumia, nimemtafsiria barua. “Mkojo hukuubadilisha,” akasema. “Barua inaweza kutafsiriwa, mkojo hautafsiriki. Wakikufukuza, njoo unisaidie bustani yangu.” Hawakunifukuza. Waliniandikia onyo, na onyo hilo bado ninalo kwenye faili, limepigwa mhuri vizuri kuliko cheti changu cha ndoa.

Shauri lilisikilizwa mbele ya watu watatu kwenye chumba chenye zulia. Kocha aliitwa. Alikuja amevaa koti, akasema msichana huyu alikuja mazoezini mara chache tu, kwamba yeye hutoa ushauri wa lishe basi, na kwamba wahamiaji hununua vitu mitaani. Hakuna karatasi hata moja iliyokuwa na jina lake. Furaha alikuwa na wakili wa kujitolea, kijana mwenye bidii, na kijana huyo alikuwa amegundua mlango wa kutokea. Kwenye fomu ilikuwa imeandikwa kwamba lugha ya zoezi ni Kiingereza. Mimi nilikuwa nimeongea Kiswahili bila kuandika hivyo. Lilikuwa kosa langu, la kweli kabisa. Kama Furaha angesema nilimhoji kwa lugha yake, nikambana, akachanganyikiwa, sampuli nzima ingeweza kutupwa.

Wakili alinihoji kwanza. Nilikiri kosa. Kisha akamgeukia Furaha, akamuuliza kupitia mkalimani kama mimi nilimtisha au kumshawishi aseme jambo lolote ndani ya choo au mezani. Aliuliza mara mbili, mara ya pili polepole, akimtazama kama mtu anayemnyoshea mwenzake kamba.

Nilikaa nikitazama zulia. Nilijua neno moja lingetosha, na nilijua kwamba ningekuwa yeye, mwenye mguu ule na saluni ile, pengine ningelisema.

“Hapana,” Furaha akasema. “Huyu mama aliongea na miye vizuri. Miye ndiye nilicheka.”

Alifungiwa. Adhabu ilipunguzwa kidogo kwa sababu alikuwa amesema ukweli kwenye fomu, lakini ilibaki ya miaka kadhaa. Kocha alitoka na koti lake. Mwaka uliofuata nilimwona kwenye mashindano mengine, ameshika saa ya kupimia muda, ana wasichana wapya watatu. Niliandika taarifa. Nikaandika ya pili. Nilijibiwa kwamba imepokelewa. Mkiwa na kazi hii mtapata barua nyingi zinazosema imepokelewa.

Jumapili baada ya hukumu, Bwana Mutiso alikuwa ananisubiri na chai. “Unaona sasa,” akasema. “Kama ingekuwa halali, angechomwa na daktari, hangeumia.” Nilimuuliza daktari yupi. Akasema yeyote, aliyesajiliwa. Nikamwambia daktari huyo naye angelipwa na kocha, kocha angelipwa kwa ushindi, na anayeshinda ni anayechomwa zaidi ya mwenzake. Kiwango cha dawa kikiruhusiwa hapa, kuna atakayekwenda hatua moja mbele, na mimi nitabaki na begi langu nikitafuta hatua hiyo. Akatikisa kichwa, akasema nimeathiriwa na kesi moja. Nikaacha chai yangu pale.

Miaka mitatu baadaye Bwana Mutiso alikuja nyumbani kwangu siku ya kazi, saa nane mchana, na tai shingoni. Hakutaka kukaa. Binti yake Wanza alikuwa na miaka kumi na saba, anakimbia mita mia nne shuleni, na alikuwa mzuri. Nilimjua tangu akiwa anatambaa chini ya viti vya kanisa.

“Mama Neema, nina swali la siri kidogo. Mwalimu wake wa mazoezi anasema wasichana wengine wote kwenye uteuzi wa timu wanasaidiwa. Anasema bila msaada Wanza hatachaguliwa. Nimekuja kuuliza tu kama kuna ya salama.”

Nilikuwa na hasira ya Jumapili nyingi, na nilitaka kuitumia yote.

“Si ulisema ziruhusiwe,” nikasema. “Sawa. Leo nimeruhusu. Anza na Wanza.”

“Yeye ni mtoto.”

“Anatimiza kumi na nane lini?”

“Mwezi wa nane.”

“Basi mwezi wa nane atakuwa mtu mzima mwenye haki na mwili wake. Utamshikia mkono wakati wa sindano, au utamwachia mwalimu?”

Alitazama ukuta ambako kuna picha ya mume wangu. Baadaye akasema, bila ile sauti yake ya kanisani, “Nilifikiri ni jambo la mtu kuamua. Sasa naona hajaamua yeye, wala mimi. Wameamua wale wengine.”

“Wale wengine nao wanasema hivyo hivyo kuhusu Wanza.”

Alimtoa binti kwa mwalimu yule. Wanza alikimbia kwenye uteuzi akamaliza wa nne, na waliochukuliwa ni watatu. Alilia wiki nzima. Siwezi kuwaambia kama wale watatu walikuwa safi; niliwapima mimi mwenyewe, majibu yalikuwa safi, na baada ya miaka kumi na tisa najua majibu safi yana maana gani na hayana maana gani. Siku hizi Wanza anasomea uhandisi na anakimbia akiwa na hasira zake. Kwa mwezi mzima Bwana Mutiso hakunitafuta kwenye chai. Kisha Jumapili moja nikamsikia nyuma yangu akimweleza mgeni kwamba dawa ziruhusiwe tu, isipokuwa kwa watoto. Niliweka kikombe chini nikaenda kusaidia kufuta madirisha.

Furaha sikumpoteza. Mara ya kwanza nilipokwenda saluni kwake baada ya kufungiwa, nilijiandaa kufukuzwa. Alinionyesha kiti. Toka hapo ndiye anayenisuka. Alimeza dawa za kuyeyusha damu miezi mingi, na hadi leo anavaa soksi ya kubana mguu wa kushoto, hata wakati wa joto. Adhabu ilipoisha alijiandikisha tena mbio, akamaliza katikati ya kundi, akajiandikisha nyingine.

Mwezi uliopita, wiki niliyorudisha begi ofisini, nilikaa kwenye kiti chake, naye akaanza kugawa nywele zangu, ambazo ni nyeupe sasa na chache. Kwa miaka yote sikuwa nimewahi kumuuliza lile swali. Nililichukia mno kumpelekea mtu mwingine. Siku hiyo nikamuuliza. Nikasema, watu wanasema zingeruhusiwa, usingefungiwa. Wewe unasemaje?

Alimaliza mstari mmoja, akaufunga.

“Kufungiwa kumeisha, Mama. Mguu nimeuzoea,” akasema. “Kitu kinaniuma ni ile siku nilishinda. Batu banapiga makofi, mi nalia na furaha. Leo sijue nani alishinda. Ni miye, ao ni ile dawa? Sitajua hata siku moja. Banaweza kuruhusu, banaweza kukataza, hiyo hakuna mutu atanirudishia.”

Nikamuuliza na mbio za siku hizi.

“Siku hizi bananipita wengi,” akasema. “Hata bamama ya miaka makumi tano. Lakini ile nafasi ya mia mbili kumi na nne ya juzi, ile iko yangu.”

Akaniinamisha kichwa, akaendelea kusuka.